Sinia, Uma na Kisu

Wanafunzi wenzangu, hapa Lamu wakati wa Maulidi watu hukaa mkekani wakazunguka sinia moja la pilau. Kwanza twanawa kwa maji ya birika, kisha kila mtu hula kwa mkono wa kulia, upande ulio mbele yake. Kuchagua nyama iliyo mbele ya mwenzako ni aibu.

Hotelini je? Desturi ya Kizungu ni uma kushoto, kisu kulia. Lakini sisi twafunzwa tule kwa kulia. Basi kata nyama kwanza, weka kisu ukingoni mwa sahani, kisha hamishia uma mkono wa kulia. Usione haya, Wamarekani wengi hufanya vivyo hivyo. Ukishiba, laza uma na kisu pamoja sahanini, mhudumu ajue umemaliza.

Adabu za wageni tujifunze, zetu tusizitupe. Mwacha mila ni mtumwa.