Mkiumwa kichwa nyote wawili katika gari la zamani, shukeni upesi

WAZAZI wengi wa Kenya walio na watoto Marekani hualikwa kuwatembelea mwezi wa Julai au Agosti, wakati wa kiangazi cha huko. Wageni wakishapumzika, wenyeji huwazungusha katika miji midogo: leo soko la wakulima, kesho ufuo wa ziwa, na Jumamosi maonyesho ya magari ya zamani. Ikiwa wewe na mwenzio mna safari ya namna hiyo, au mnapenda tu magari ya kale hapa nyumbani, kuna mambo kadhaa ya afya mnayofaa kuyajua.

Chukua mfano wa jimbo la Michigan. Barabara ya Woodward Avenue hutoka katikati ya jiji la Detroit hadi Pontiac, na kando yake, katika kiwanda cha Highland Park, ndiko Henry Ford alikoanza mwaka wa 1913 kuunda gari la Model T kwa kulipitisha mbele ya wafanyakazi, kila mmoja na kazi yake. Tangu mwaka wa 1995, isipokuwa 2020 wakati wa korona, Jumamosi ya tatu ya Agosti wenye magari ya zamani huyaendesha polepole katika barabara hiyo kupitia Ferndale, Royal Oak na Birmingham, mwendo wa kilomita 26 hivi. Shughuli yenyewe ilianza kama harambee, kwani watu wa Ferndale walikuwa wakichangisha pesa za uwanja wa kandanda wa watoto.

Matembezi kama hayo yana faida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka kidogo, kwa angalau dakika 150 kila wiki. Mume na mke wanaozunguka toka gari hadi gari, wakibishana ni lipi lililofanana na lile la mjomba, huweza kufikisha muda huo bila kuhesabu, mradi wasikae kitini kutwa nzima.

Hatari kubwa ambayo wengi hawaifikirii ni moshi.

Magari mengi ya Marekani yalianza kuwekewa kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kuanzia yale ya mwaka wa 1975. Gari la kabla ya hapo kwa kawaida halina. Moshi wake una gesi nyingi zaidi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini inabeba oksijeni kidogo mno, na ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza.

Gesi hiyo huingiaje ndani? Hupitia ekzosi iliyoliwa na kutu, matundu ya sakafuni, au mpira wa buti uliochakaa. Hata kuendesha gari huku kioo cha nyuma au buti likiwa wazi huvuta moshi ndani. Na katika msafara wa polepole, unavuta pia moshi wa gari lililo mbele yako.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na mawazo kuvurugika. Kwa Mkenya, dalili hizi humfanya afikirie malaria au uchovu wa ndege. Hapa ndipo kusafiri wawili kunapofaa: mkiumwa kichwa nyote kwa wakati mmoja, kisha mkapata nafuu mkishuka, lishukuni gari hilo moja kwa moja. Zimeni injini, nendeni penye hewa safi, na mmoja akisinzia au akishindwa kusimama, pigeni simu ya dharura mara moja. Huko Marekani nambari ni 911. Mama mjamzito na mtu mwenye ugonjwa wa moyo hudhurika mapema kuliko wengine. Aidha, mwenyeji asiwashe injini ndani ya gereji ili kuwaonyesha mlio wake, hata kama mlango uko wazi.

Jambo la pili ni joto. Agosti huko huweza kupita nyuzi 30 za Selsiasi, na hewa huwa na unyevu unaozuia jasho kukauka. Mtu mwenye umri mkubwa huchelewa kuhisi kiu. Anayetumia tembe za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu hupoteza maji upesi zaidi. Asiziache kwa uamuzi wake, bali amwulize daktari kabla ya kusafiri. Amwulize pia kuhusu saa za kumeza dawa, kwani Detroit iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 wakati wa kiangazi. Insulini isiachwe ndani ya gari: likifungwa juani, joto lake huweza kupanda kwa nyuzi 10 katika dakika 10 tu.

Kuhusu mishipi ya usalama, magari mengi ya kabla ya miaka ya 1960 hayakuundwa nayo. Kupiga picha ndani yake hakuna ubaya. Kulipanda kwenye barabara kuu ni jambo jingine.

Wasomaji ambao hawasafiri wasidhani haya hayawahusu. Nairobi ina maonyesho yake, Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970, na Volkswagen za mgongo wa kobe bado zinaonekana barabarani. Gari hilo hupasha abiria joto kwa hewa inayopitishwa kwenye mabomba ya moto ya ekzosi. Mabomba hayo yakitoboka kwa kutu, moshi huingia miguuni mwenu pamoja na joto. Asubuhi ya baridi kule Limuru, kabla ya kufungua joto hilo, fundi awe ameyakagua mabomba, na kioo kimoja kiachwe wazi kidogo.