Côtes du Rhône mezani: ule nini nao, na uupoze kiasi gani

Chupa ya Côtes du Rhône kwa kawaida haikutajii zabibu zilizotumika. Lebo inataja mahali tu, na mtu aliyezoea mivinyo ya Afrika Kusini au Chile, ambayo huandikwa jina la zabibu mbele kabisa, anaweza kudhani amefichwa jambo. Hajafichwa. Huu ni mvinyo wa mchanganyiko, na kwa wakulima wa bonde la mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa, mahali ndipo penye habari. Sisi wanunuzi tunahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu kilichomo ndani ya chupa ndicho kinachoamua kipikwe nini jikoni.

Mvinyo mwingi wa jina hili hutoka upande wa kusini wa bonde, kati ya Montélimar na Avignon. Jua la kiangazi huko ni kali, na upepo wa kaskazini uitwao mistral huweza kuvuma kupita kilomita 100 kwa saa. Upepo huo una faida yake: hukausha majani baada ya mvua, ukungu ukakosa pa kushika. Hasara ni kwamba huvunja machipukizi. Ndiyo maana mizabibu ya Grenache, yenye shina imara, hupogolewa ikabaki vichaka vifupi vinavyosimama vyenyewe, ilhali Syrah hufungwa kwenye nyaya isije ikalazwa chini.

Grenache ndiyo mwenye nyumba. Asili yake inasadikiwa kuwa Hispania, inapenda joto, na huiva ikiwa na sukari nyingi mno. Sukari hiyo ikichachuka hugeuka kileo, ndiyo sababu chupa nyingi husoma asilimia 14 au hata 14.5. Hunukia stroberi mbivu, rasiberi na pilipili nyeupe kidogo. Lakini ganda lake ni jembamba, kwa hiyo rangi yake si nzito na ukakasi wake ni mdogo. Tena hewa huiharibu upesi. Watengenezaji wengi huiweka kwenye matangi makubwa ya saruji, si kwenye mapipa madogo ya mwaloni yanayopenyeza hewa. Anayeshikilia kwamba mvinyo mzuri sharti ulale kwenye pipa jipya hajakaa na watu wa huku.

Kasoro za Grenache ndizo zinazoziita zabibu nyingine. Syrah huleta rangi nzito, uchachu na harufu ya pilipili manga. Harufu hiyo si mfano wa maneno tu, maana kemikali inayoisababisha ndiyo ile ile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Syrah hulimwa Dodoma pia, hivyo kwa Watanzania si mgeni kabisa. Mourvèdre huchelewa kuiva, ina ganda nene, hustahimili hewa, na huongeza ukakasi pamoja na harufu ya ngozi na nyama ya porini. Cinsault na Carignan huingia kwa kiasi kidogo.

Ukionja, anza na fizi na ulimi. Baada ya kumeza, je, mdomo unakauka kama uliotafuna ganda la ndizi mbichi? Huo ndio ukakasi, kazi ya tanini. Kwenye Côtes du Rhône ya kawaida utauhisi kwa mbali, baada ya tunda na joto la kileo. Ukiusikia mkali tangu mwanzo, huenda Mourvèdre au Syrah ni nyingi. Mimina mvinyo kwenye jagi, usubiri nusu saa.

Kwenye lebo kuna ngazi tatu za kukumbuka. Ya chini ni Côtes du Rhône tupu, jina lililowekewa masharti ya kisheria mwaka 1937. Juu yake kuna Côtes du Rhône Villages, ambayo masharti yake ni magumu zaidi na wakati mwingine huandikwa jina la kijiji, mathalani Séguret. Juu kabisa ni vijiji vinavyojitegemea kwa jina: Gigondas, Vacqueyras, na Châteauneuf-du-Pape, ambako mapapa walioishi Avignon kuanzia 1309 walijenga kasri lao la kiangazi. Kijiji hiki cha mwisho kinalilinda shamba lake kwa bidii isiyo ya kawaida: mwaka 1954 meya alitoa amri inayokataza visahani vya angani kutua kwenye mizabibu. Kwa chakula cha nyumbani, ushauri wangu ni ngazi ya kati. Ya juu unalipia jina pia.

Sasa chakula. Kwao, mwenzi wa mvinyo huu ni daube, nyama ya ng'ombe (Avignon hutumia kondoo) iliyolazwa usiku kucha ndani ya mvinyo mwekundu pamoja na vitunguu, karoti, kitunguu saumu, taimu na kipande cha ganda la chungwa, kisha ikachemshwa kwa moto mdogo saa tatu au nne. Haitumiki steki. Hutumika shavu au nyama ya mguu yenye mishipa, kwa sababu mishipa hiyo huyeyuka na kuufanya mchuzi unate midomoni. Mafuta na protini huishika tanini, ule ukakasi ukalainika. Mvinyo nao, kwa uchachu wake, husafisha ulimi kwa tonge linalofuata. Wanaoishi bila daube wana kondoo wa kuchoma kwa rozimari, soseji, biringanya zilizopikwa kwa nyanya, na jibini la mbuzi.

Mezani kwetu kanuni ni hiyo hiyo. Mbuzi wa kuchoma kwa chumvi anakubali vizuri, kwani chumvi hupunguza ukali wa tanini. Pilau ya nyama inakubali zaidi ya watu wanavyotarajia, maana mdalasini, karafuu na pilipili manga havigombani na Grenache. Tatizo ni kachumbari ya pilipili kali pembeni: pilipili hukifanya kileo kiwake kooni, na kwa asilimia 14 hutasikia tunda tena. Samaki wa kupaka usimlazimishe. Mvinyo mwekundu na samaki mwenye mafuta huacha ladha ya chuma. Vitamu vya baada ya chakula navyo huufanya mvinyo uonekane mchungu na mkali.

Kinachouharibu mvinyo huu mara nyingi katika miji yetu ni joto. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, na chumba hicho ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Mombasa au Dar es Salaam chumba kina nyuzi 29, na kwa joto hilo kileo hupanda puani, tunda likanukia jamu iliyoungua. Weka chupa kwenye friji saa moja na nusu hivi kabla ya kula, usione aibu mbele ya wajuzi. Hotelini wakikuletea ya moto, omba ndoo ya barafu yenye maji.

Kwa wanaokunywa, hesabu ni muhimu. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 14.5 ina karibu gramu 17 za kileo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Hivyo glasi mbili si mzaha, na atakayeendesha gari asiguse. Mjamzito vilevile.

Chupa iliyofunguliwa irudishie kizibo uiweke kwenye friji, itavumilia siku mbili tatu. Ambayo haijafunguliwa ilazwe gizani, mbali na jiko. Côtes du Rhône ya kawaida haitengenezwi kwa kungojewa: angalia mwaka kwenye lebo, na ikiwa umepita miaka mitano, chagua nyingine.