Falsafa Ni Nini, na Ina Kazi Gani Sokoni Kiboriloni?

Watu wengi wasikiapo neno falsafa hudhani kuwa ni elimu ya wachache, iliyofungiwa katika vyuo vikuu na vitabu vizito. Dhana hiyo si sahihi. Neno lenyewe lilitoka katika Kigiriki, likapitia Kiarabu hata kufika katika Kiswahili, na maana yake ya asili ni kupenda hekima. Apendaye hekima si lazima awe amekwisha kuipata. Yatosha awe anaitafuta kwa kuuliza na kwa kutoa sababu. Socrates, aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama ya Athens mwaka 399 K.K., hakuacha kitabu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuwahoji watu, mara nyingi sokoni, wamweleze haki ni nini na ushujaa ni nini. Kwa hiyo si ajabu falsafa kutafutwa sokoni.

Swali la koti

Kiboriloni, upande wa mashariki wa mji wa Moshi, ni mahali palipojulikana kwa miaka mingi kwa soko la ndizi na mazao mengine ya mlimani, na pia kwa nguo za mitumba, ambazo zilienea nchini baada ya masharti ya biashara ya nje kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Mitumba hufungwa katika mabelo, na alinunuaye belo hulinunua kabla ya kuona yaliyomo.

Chukulia kuwa mwuzaji amefungua belo lake, akakuta makoti yametoboka kwapani. Mteja kutoka Marangu anachagua koti moja na kuuliza bei. Habari ya kwapa haulizi. Je, mwuzaji ana wajibu wa kumwonyesha tundu lile, au yatosha asiseme uongo? Akisema, hasara itamwangukia yeye, na karo ya watoto inangoja. Akinyamaza, mteja atapanda nalo mlimani kwenye baridi.

Swali hili ni la kale. Mwaka 44 K.K. Cicero wa Roma aliandika juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Alijua kuwa merikebu nyingine za nafaka zi njiani, wenyeji hawakujua. Awaambie bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Kwa maelezo ya Cicero, Diogenes wa Babylon alishikilia kuwa mwuzaji hutaja kasoro za bidhaa kwa kadiri sheria iagizavyo. Zaidi ya hapo, maadamu hadanganyi, yu huru kutafuta bei nzuri. Mwanafunzi wake Antipater alipinga, akasema mnunuzi asifichwe lolote alijualo mwuzaji. Cicero alikubaliana na Antipater.

Je, hukumu hiyo yafaa Kiboriloni? Hapa ndipo falsafa ifanyapo kazi yake, yaani kupambanua. Nafaka ile haikuwa na kasoro, bali koti linayo; jambo hili lamzidishia mwuzaji wajibu. Lakini watu wa Rhodes hawakuweza kuziona merikebu zilizo mbali baharini, hali mteja analo koti mkononi na aweza kulikagua. Jambo hili lampunguzia. Hapana budi sababu zote mbili zipimwe kabla ya kuamua.

Sayansi na falsafa

Katika miteremko ya Kilimanjaro wakulima wamechimba tangu zamani mifereji iitwayo mifongo, ili kuyaleta maji mashambani. Mtaalamu aweza kupima ni lita ngapi zipitazo katika mfongo kwa sekunde moja. Lakini kipimo chake hakisemi nani atangulie maji yapunguapo: aliye juu, aliye chini, au yule ambaye ukoo wake ulichimba mfongo. Sayansi hueleza yaliyopo; falsafa huuliza lipi ni la haki. Uamuzi mwema wahitaji zote mbili.

Hekima ya wahenga

Henry Odera Oruka (1944–1995), mwanafalsafa wa Kenya aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwahoji wazee wenye hekima vijijini. Alipambanua wazee wa namna mbili: wanaoijua na kuieleza vyema hekima ya jamii yao, na wale ambao, zaidi ya kuijua, huihoji na kutoa sababu zao wenyewe. Wa kwanza atasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wa pili atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona kibaya nacho hupata mnunuzi? Swali hilo halidharau methali. Laonyesha kuwa mnunuzi naye hana budi kufumbua macho.

Basi falsafa haimpi mwuzaji jibu tayari. Humpa njia ya kulitafuta: kulitenga swali, kulinganisha mifano, kupima sababu za pande zote, na kujiuliza kama angeridhika kutendewa vile vile siku anunuapo belo lililofungwa.

Maswali ya kujadili

1. Je, kunyamaza ni sawa na kudanganya? Toa sababu.
2. Je, bei ndogo humwondolea mwuzaji wajibu wa kutaja kasoro?
3. Taja uamuzi mmoja wa kijijini kwako ambao vipimo peke yake haviwezi kuukata.