KUCHAGUA VITABU VYA WATOTO WA DARASA LA TATU

Tuseme mkutano wa wazazi umekuchagua wewe na wenzako wawili. Kazi yenu ni kwenda mjini pamoja na mwalimu wa Darasa la Tatu kununua vitabu vya watoto. Fedha mmechanga wenyewe baada ya mavuno. Mnaingia dukani, vitabu vimepangwa mpaka juu. Utachukua kipi? Utaacha kipi?

Wengi hujibu hivi: "Mwalimu ndiye anayejua, mimi nitabeba mzigo tu." Jibu hilo si zuri. Mwalimu anajua yake, na wewe unajua yako. Mkulima aliyesoma kisomo anaweza kukagua kitabu cha mtoto vizuri sana. Pengine atampita hata mtu wa mjini. Tutaona kwa nini.

Kwanza niseme kosa langu. Mwaka mmoja nilikuwa katika kamati ya namna hiyo. Tuliingia dukani tukaona kitabu cha maswali ya mtihani pamoja na majibu yake. Tukafurahi. Tukasema, hiki ndicho kitakachowafaulisha watoto. Tukanunua vitabu thelathini, vyote ni hicho hicho kimoja. Baada ya miezi mitatu nikapita shuleni. Vitabu vilikuwa kabatini, visafi kama siku tuliyovinunua. Nikamwuliza mtoto wa jirani yangu, "Mbona hamvisomi?" Akanijibu, "Babu, ndani hamna kitu." Nilikasirika. Lakini usiku nikafikiri, nikaona mtoto amesema kweli. Ndani mlikuwa na maswali tu. Hamna mtu, hamna mnyama, hamna safari. Nani atakaa chini ya mwembe asome maswali?

Fedha za kijiji kizima zililala kabatini. Mimi nilikuwa mmoja wa waliozilaza.

KIADA NA ZIADA

Tutenganishe mambo mawili. Kitabu cha kiada ni kile anachotumia mwalimu kufundisha somo. Kwa shule za Serikali hapa Tanzania, vitabu hivyo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kitabu cha ziada ni kile anachosoma mtoto ili azoee kusoma na aongeze maarifa. Hivi vya ziada ndivyo kamati yenu inavyokwenda kutafuta.

Kitabu cha kutumika shuleni hupewa ithibati na Kamishna wa Elimu. Maana yake kimekaguliwa, kikakubaliwa. Mwulize mwenye duka akuonyeshe. Lakini ithibati haitakuambia kama watoto wa kijiji chenu watakipenda kitabu hicho. Kazi hiyo ni yenu.

KWA NINI AINA NYINGI

Wazee wetu waliosoma kisomo wanakumbuka. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi na vya ufugaji. Vitabu vile vilitusaidia. Lakini hebu sema kweli: mtu akishamaliza kitabu cha pamba, alitaka kingine cha pamba? Hapana. Alitaka gazeti. Alitaka hadithi. Mwingine alitaka asome mwenyewe barua ya mwanawe aliye mbali, bila kuisomewa na jirani.

Mtoto naye ni vivyo hivyo. Tena watoto hawafanani. Yupo anayependa hadithi za mazimwi. Yupo asiyejali mazimwi, bali anataka kujua ndege anarukaje na tetemeko la ardhi linatoka wapi. Ukileta aina moja tu, utampata mmoja na kumpoteza mwingine. Yule uliyempoteza atasema kusoma si kwake, kumbe hakuletewa kitabu chake.

HADITHI

Anzeni na hadithi za kale: Sungura na Fisi, mazimwi, hekaya za Abunuwasi. (Huyu Abunuwasi, msidhani ni wa kubuniwa tu. Palikuwa na mshairi wa kweli wa jina hilo mjini Baghdad, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Watu wakamtungia visa, visa vikasafiri mpaka kwetu.) Hadithi hizi zina faida moja kubwa. Mtoto amekwisha zisikia kwa bibi yake. Akizikuta kitabuni, anajua kinachokuja mbele, na hilo linamrahisishia kusoma. Ni kama kupita njia unayoijua hata kama ni usiku.

Kisha tafuteni hadithi za maisha ya siku hizi. Humo mtoto akutane na mtoto mwenzake, anayechunga mbuzi, anayepoteza fedha aliyotumwa dukani, anayeogopa kuhamia shule mpya. Hapa tazameni vizuri. Je, watoto wote wa kitabuni wanaishi katika nyumba ya ghorofa? Je, msichana kazi yake ni kuteka maji tu, na mvulana ndiye anayefikiri? Kama vitabu vyenu vyote viko hivyo, binti zenu watakuwa wanafundishwa jambo ambalo hamkulikusudia.

Na msidanganywe na habari za juu juu. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inahusu msichana wa shule kutoka Ukerewe. Mtu wa haraka angesema, msichana wa shule, basi ni kitabu cha shule. Ni riwaya nzuri, lakini ni ya watu wazima. Kuna wakati ilizuiwa hata kusomwa mashuleni. Kwa hiyo usinunue hadithi bila kusoma angalau kurasa tatu: moja ya mwanzo, moja ya katikati, na moja karibu na mwisho. Mwenye duka akinuna, mwache anune.

VITABU VYA MAARIFA

Hapa ndipo mkulima anapokuwa mkaguzi. Kitabu cha maarifa hueleza mambo ya kweli: wanyama, mimea, mwili wa binadamu, nchi na watu wake. Kosa likiwamo, mtoto atalibeba miaka mingi.

Fungua mahali panapohusu jambo unalolijua. Tuseme pamechorwa shamba la mahindi. Tazama mchoro. Mbelewele iko kileleni, sivyo? Na hindi linatoka ubavuni mwa shina, pale jani linaposhikana na shina. Basi kama mchoraji ameweka hindi kileleni, jua hajapata kuingia shambani. Na kama amekosea mahindi, ambayo wewe unayajua, utamwaminije katika mambo ya nyota usiyoyajua?

Pima na mengine. Kitabu kikisema popo ni ndege, kimekosea. Popo huzaa na kunyonyesha, hatagi mayai. Kikisema malaria huletwa na kunyeshewa mvua au kula maembe mabichi, kirudishe upesi. Malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Kosa la mbelewele litamchekesha mtoto akikua. Kosa la malaria linaweza kumwua, maana ataacha kulala ndani ya chandarua na kuogopa maembe.

Tazama pia mwaka wa kuchapwa. Mara nyingi huandikwa nyuma ya ukurasa wa jina. Kitabu cha hadithi hakizeeki upesi, lakini cha maarifa huzeeka. Kama kitabu kinasema Geita ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, kiliandikwa kabla ya mwaka 2012, maana mwaka huo Geita ulifanywa mkoa. Njombe, Simiyu na Katavi nayo ikawa mikoa mwaka huo huo, na Songwe mwaka 2016. Ramani isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya 2011. Ukiona nchi ya Zaire imeandikwa kama ndiyo ya leo, kumbuka kwamba tangu 1997 inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu wa mjini hupenda kutuletea vitabu vya namna hiyo kama zawadi. Shukuruni, kisha kagueni.

WASIFU, MASHAIRI NA MICHEZO

Wasifu ni habari za maisha ya mtu wa kweli. Watoto hupenda kuuliza, "Hii ilitokea kweli?" Kwa wasifu utajibu ndiyo. Chukueni mfano wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, katika jamaa maskini. Hakupata kusoma shule, akauza vyungu. Sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodiwa santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Lugha ya kitabu hicho ni nzito kwa Darasa la Tatu, lakini mwalimu anaweza kukisoma yeye, kisha akawasimulia kwa maneno mepesi. Au Wangari Maathai wa Kenya, aliyewaongoza akina mama kupanda miti tangu 1977. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtoto aliyepanda mche nyuma ya darasa atamwelewa mara moja.

Mashairi na vitendawili, nunueni kidogo, lakini visikosekane. Husomwa kwa sauti, darasa zima likaitikia. Mchezo wa kuigiza nao unafaa pale watoto walipo wengi na vitabu ni vichache. Mmoja ni mfalme, mwingine ni mlinzi, kila mtu ana maneno yake ya kusoma. Hata mtoto mwenye aibu hujitahidi, maana zamu yake ikifika wote wanamngoja.

Na katuni? Wazazi wengine husema katuni ni uhuni. Mimi siafiki. Mtoto anayesoma kwa shida akiona picha na maneno machache mdomoni mwa mtu, atasoma mpaka mwisho ili ajue kilichotokea. Chukueni chache.

KIPIMO CHA VIDOLE VITANO

Kitabu kizuri kikiwa kigumu mno hakitasomwa. Kama inawezekana, nendeni dukani na mtoto mmoja wa darasa lile. Si yule wa kwanza darasani, bali wa katikati. Mpe kitabu, asome ukurasa mmoja. Kila neno linalomshinda, akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho bado ni kigumu kwake.

Lakini kuna mtego. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto anaweza kuyatamka maneno yote barabara, wala asijue maana. Hasa huku kwetu, ambako nyumbani tunasema Kisukuma, Kihaya au Kikerewe, na Kiswahili mtoto amekikuta shuleni. Kwa hiyo usisikilize ulimi tu. Funga kitabu, mwambie, "Haya, nisimulie." Akisimulia, kitabu ni chake. Akinyamaza, kirudishe.

MNUNUE VINGAPI?

Tuseme fedha zinatosha vitabu thelathini. Msinunue thelathini vya aina moja kama tulivyofanya sisi. Wala msinunue thelathini tofauti tofauti, maana kikundi hakitaweza kusoma pamoja. Mimi siku hizi ningechagua hadithi mbili nzuri, kila moja nakala tano, ili watoto wakae kwa vikundi. Zinazobaki ishirini ningenunua kimoja kimoja: saba au nane vya maarifa, hadithi kadhaa, wasifu, na hayo mashairi, michezo na katuni. Mwalimu wenu akitaka kubadili hesabu hii, msikilizeni. Yeye ndiye anayekaa na watoto kutwa.

Vikunje kidogo kabla ya kulipa. Kitabu kilichogandishwa kwa gundi mbaya hulia, na kurasa huachia. Kilichoshonwa hudumu.

Fedha zikiwa hazitoshi, msikate tamaa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, ukisaidiwa na shirika la CODE la Kanada, kwa sababu vitabu vya watoto vya Kiswahili vilikuwa vimeadimika. Vingi vilichapwa kwa njia hiyo. Tena tangu 2014 ipo African Storybook, kazi iliyoanzishwa Afrika Kusini. Mwalimu mwenye simu ya intaneti anaweza kupata humo hadithi fupi za watoto za Kiswahili, na za lugha nyingine za Afrika, bila malipo, na anaruhusiwa kuzichapa.

Vikifika shuleni, visifungiwe. Kabati la kufuli huzuia panya, lakini huzuia na watoto. Wekeni daftari la kuazimisha: jina la mtoto, jina la kitabu, siku aliyochukua, siku aliyorudisha. Kitabu kimoja kikipotea, basi kimepotea. Vyetu thelathini havikupotea hata kimoja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Shule ya kijiji chenu ina vitabu vya ziada vya aina gani? Ni aina gani haipo kabisa?

2. Je, watoto wanaruhusiwa kwenda navyo nyumbani? Kama hawaruhusiwi, nani alikataza, na kwa sababu gani?

3. Mzazi mmoja anasema, "Hadithi za Sungura zinapoteza muda, mtoto asome mambo ya mtihani." Mtamjibu nini?

4. Kazi ya vitendo: Kila mwanakikundi aazime kitabu kimoja cha maarifa cha mtoto wake. Atafute ndani yake jambo analolijua kwa kazi yake mwenyewe, kama ni kilimo, uvuvi, ufugaji au upishi. Aje mkutano ujao aeleze kama kitabu kimesema sawa, au mwandishi hajapata kuingia shambani.