SOMO: Kikundi Kinapokwenda Ziara ya Msitu na Mto



Vikundi vingi huchanga pesa mwaka mzima ili wanachama waende ziara pamoja. Sisi wa Kakamega hatuna haja ya kwenda mbali. Msitu wetu ni wa jamii moja na ile misitu mikubwa ya mvua ya Kongo. Upande wa Buyangu, ulio chini ya Shirika la Wanyamapori, kuna maporomoko ya mto Isiukhu. Upande wa Isecheno kuna kilima cha Lirhanda. Mbega na kima mtawaona njiani.

Lakini bonde la mto lataka akili. Aprili 2012, vijana 7 wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walikufa maji katika korongo la Hell's Gate, Naivasha. Septemba 2019 watu 7 wengine wakafa kwenye korongo hilohilo. Kwa nini? Mvua ilinyesha kule juu. Maji yakashuka kwa ghafula, na korongo jembamba halina pa kukimbilia. Kwa hivyo hata jua likiwaka hapo ulipo, usiseme hakuna hatari.

Mambo ya kupanga:

1. Ulizeni kama mvua imenyesha huko mto unakotoka. Ikiwa imenyesha, msishuke mtoni.

2. Nendeni asubuhi. Kwetu mvua hupenda kuja alasiri.

3. Chukueni mwelekezi. Mweka hazina aweke malipo yake kwa hesabu pamoja na nauli na ada ya kuingia. Msimwache ati ili kupunguza gharama.

4. Hesabuni watu mkiingia na mkitoka. Kila mtoto awe na mtu mzima wake.

5. Maji yakigeuka rangi, au yakianza kuleta majani na vijiti, pandeni juu mara moja. Viatu na sufuria ziacheni. Sufuria hununuliwa tena.

Pia tusiharibu. Msikate kuni, wala msichimbe mukombero msituni. Huo hata shambani unaweza kupandwa. Takataka zenu rudini nazo nyumbani.

Maswali ya kujadili:

- Nani katika kikundi chetu atakuwa na uwezo wa kusema "turudi", na wote wamtii?

- Mto gani wa karibu hujaa ghafula? Wazee wanajua dalili gani?

- Tukirudi, tutaanza kazi gani kuulinda msitu?