Jiko la Mkaa Libaki Tabora

Swali: Binti yangu anahama Chemchem, Tabora, kwenda Ujerumani na mwanawe wa miaka 5. Kwa usalama wa kila siku, azoee nini kwanza?

Jibu: Aanze na hewa. Tabora mkaa huwashwa uani, upepo ukachukua moshi. Ujerumani, wakati wa baridi, nyumba hufungwa kabisa. Jiko la mkaa likiingizwa ndani hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. King'ora kilichopo darini, ambacho sheria hukitaka katika vyumba vya kulala, hunasa moshi tu. Sumu hiyo hakiioni. Hata hivyo asikitoe betri eti kinampigia kelele akikaanga samaki.

Barabarani magari hupita kulia. Aliyekulia Tanzania hutazama kulia kwanza anapovuka; kule gari la kwanza hutokea kushoto.

Mtoto aliye chini ya miaka 12 na asiyefika urefu wa sentimita 150 hukaa kwenye kiti maalumu garini, hata safari ikiwa ya dukani tu. Bibi aliyezoea kumpakata mjukuu kwenye bajaji ataona ni maringo. Polisi wa kule wataandika faini.

Namba za simu nazo huchanganya: Tanzania 112 ni ya polisi na 114 ya zimamoto, lakini Ujerumani 112 huita zimamoto na gari la wagonjwa, polisi wakiwa 110.

Akija likizo, adai kofia ngumu kwenye bodaboda. Sheria ya Tanzania humtaka abiria pia aivae, ingawa mishikaki ya watu watatu bado inapita.