Elimu kwa Umma: Kanuni ya Usalama Inapokwama Mezani

Kanuni inayolinda afya ya wananchi haidhoofiki kwa kufutwa peke yake. Huweza kudhoofishwa ingali rasimu, mikononi mwa maofisa wanaoipitia, kwa kucheleweshwa au kupunguzwa makali. Mfano wa Marekani unalidhihirisha jambo hilo.

Nchini humo, rasimu za kanuni kubwa za serikali hupitiwa na ofisi iliyo chini ya Ikulu, iliyoanzishwa mwaka 1980, ambayo hupima gharama na manufaa yake. Agizo la Rais la mwaka 1993 liliweka ukomo wa siku 90 kwa mapitio hayo, pamoja na nafasi ya kuongeza muda.

Februari 2011, mamlaka ya usalama mahali pa kazi iliwasilisha rasimu ya kudhibiti vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe, mchanga na zege vinapokatwa au kupasuliwa. Vumbi hilo husababisha saratani ya mapafu na silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Viwango vilivyotumika vilikuwa vya tangu mwaka 1971.

Rasimu ilikaa kwa wapitiaji zaidi ya miaka miwili, huku wawakilishi wa viwanda wakikutana nao mara kadhaa. Ilitangazwa Agosti 2013, na kanuni kamili ikatolewa Machi 2016. Mamlaka ilikadiria kuwa ingeokoa maisha ya watu zaidi ya 600 kila mwaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa iliumiza mapafu.

Mapitio yenyewe si kosa, kwani kanuni mbovu nayo huumiza. Tatizo ni mizani: gharama za mwenye kiwanda huonekana mapema kwa tarakimu, ilhali ugonjwa wa mvunja kokoto hujitokeza baada ya miaka mingi, naye hana kiti katika kikao.

Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inazitaka halmashauri kuwatangazia wakazi kusudio la kutunga sheria ndogo na kupokea maoni yao, kabla ya kuiwasilisha kwa Waziri ili aidhinishe. Mkazi anaposoma tangazo hilo katika ofisi ya kata, ni vyema awasilishe maoni yake kwa maandishi, abaki na nakala, na aulize rasimu imefikia wapi. Wanaotaka kanuni ilegezwe huwa hawakosi kufika.